Mguu wa Simba, na Barua Nyingine Mbili

Wenye kuku mnisamehe mwezi huu. Nina barua nne za mdondo, na moja ya bwana wa Tegeta ambaye mayai yake yanatoka na maganda laini kama karatasi. Zote nitazijibu toleo lijalo. Nimeziweka kando kwa sababu ya mwalimu mmoja wa Kimara, ambaye barua yake ya mbwa mgonjwa nimeisoma mara tatu na chai ikapoa.

*Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kimara. Nina mbwa anaitwa Simba, dume, miaka 7, kilo 38, chotara. Baba yake alikuwa wale mbwa wa Kijerumani wa polisi. Tangu masika yaanze anachechemea mguu wa mbele wa kushoto. Kijana wa duka la dawa za mifugo alikuja kumchoma sindano akasema ameteguka. Sindano tatu, wiki tatu, na mguu ukazidi kuvimba juu kidogo ya kifundo. Nikatafuta bajaji, wa kwanza alimkataa mbwa, wa pili akakubali kwa elfu ishirini. Kliniki wakampiga eksirei. Daktari wa pale akasema ni saratani ya mfupa, akanipa njia tatu: kukata mguu wote kuanzia begani na kufuatisha kemo, yaani dawa za kuua saratani, au kukata tu, au kumlaza usingizi wa mwisho. Kukata ni laki tisa. Kemo hakunipa bei kamili, alisema tu, "Mama, jiandae."*

*Mwanangu yuko Muscat, yeye ndiye aliyemleta Simba akiwa wa kubeba kiganjani. Anasema, "Mama kata, nitatuma." Dada yangu anasema pesa hiyo si bora niezekee choo. Jirani yangu, mzee wa msikitini, ambaye hata kumgusa mbwa hamgusi, kila akitoka swala ya alfajiri husimama getini akauliza, "Mgonjwa kaamkaje?", maana Simba ndiye aliyewakurupusha wezi wa pampu yake ya maji. Yeye anasema nimwache apumzike. Mjukuu wangu wa miaka 9 ameuliza kama mguu ukikatwa tutauzika. Nampa Simba Panadol nusu asubuhi na nusu jioni, naona analala. Nina kiinua mgongo kidogo sijakigusa. Daktari, ungekuwa wewe ungefanyaje?*

Marahaba, mwalimu.

Kwanza irudishe hiyo Panadol kabatini. Ini la mbwa haliiwezi kama letu, na nusu mbili kila siku ni deni linalojikusanya. Usije ukaibadilisha kwa diklofenaki au ibuprofeni ya binadamu, hizo ni mbaya zaidi: hutoboa tumbo na kuumiza figo. Zipo dawa za maumivu zinazowafaa mbwa, karprofeni na meloksikamu, zinapimwa kwa uzito wake. Lakini kabla daktari hajaziandika, mrudie yule kijana wa duka umuulize zile sindano tatu zilikuwa nini. Kama ni deksamethasoni, ile dawa kali ya kushusha uvimbe, na mara nyingi ndiyo, daktari lazima ajue, kwa sababu dawa ya jamii hiyo ikikutana na meloksikamu ndani ya tumbo moja, mbwa hutapika damu.

Sasa nikuambie kitu kuhusu mimi ili ujue unamuuliza nani. Maisha yangu yamepita zaidi kwenye ng'ombe wa maziwa na kuku wa nyama kuliko kwenye mbwa. Ng'ombe ana hesabu nyepesi. Akikoma maziwa na asishike mimba, mwenyewe hupiga simu Pugu mnadani, na mwisho wa hesabu uko machinjioni Vingunguti. Mbwa hana Vingunguti. Ndiyo maana watu wanaomleta mbwa mgonjwa huanza kwa kuuliza bei, kisha hawajui waigawanye kwa nini. Laki tisa ni nyingi au kidogo? Inategemea unanunua nini, na hilo ndilo hukuelezwa.

Nilisoma Morogoro pale palipokuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya 1984 ilipozaliwa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Tulikaririshwa hivi: saratani ya mfupa hukikimbia kiwiko na kulifuata goti. Yaani mguu wa mbele huota mbali na kiwiko, begani au juu kidogo ya kifundo; wa nyuma huota karibu na goti. Inapenda mbwa wakubwa. Jina lake osteosakoma. Simba ni mkubwa na uvimbe wake uko palepale, kwa hiyo sitashangaa daktari wako akiwa sahihi.

Ila picha peke yake haitoshi kumkata mnyama mguu. Usaha uliojificha ndani ya mfupa nao huula, fangasi nao huula, na kwenye eksirei vinaweza kufanana. Mwambie daktari achukue chembe kwa sindano, au kipande kidogo cha mfupa, kikatazamwe kwa darubini. Wenzetu wa SUA Morogoro wanazo maabara za kazi hiyo. Kama daktari wako atasema mguu ukatwe kwanza halafu kipande kipelekwe baadaye, muulize ana uhakika kiasi gani. Akiwa na picha nzuri na mbwa ana maumivu makali, si kosa.

Cha lazima, na hapa sikubali mjadala, ni eksirei ya kifua kabla ya kisu. Miaka mingi iliyopita nilimkata mguu mbwa wa bwana mmoja wa Upanga. Nilikuwa na haraka, mashine ya eksirei ilikuwa ya kuazima, nikapiga mguu tu, kifua nikakiacha. Upasuaji ulikwenda vizuri hata nikajisifu mbele ya wanafunzi. Wiki ya tano mbwa akaanza kuhema akiwa amelala. Tulipopiga kifua, mapafu yalikuwa yamejaa madonge meupe kama gololi. Yule bwana hakunilaumu. Alikuja akanilipa salio lake lote, na hilo ndilo lililoniuma.

Hali ya ugonjwa huu ni hii. Kati ya mbwa 10 wenye osteosakoma, kama 9 siku ya kwanza wanapoonwa na daktari tayari mbegu zake zimeshasafiri, hasa kwenda mapafuni. Lakini eksirei huziona kwa chini ya mmoja kati ya hao 10, maana bado ni ndogo mno. Kwa hiyo kifua cha Simba kikionekana safi, usishangilie kwamba amepona. Kimekuambia tu kwamba una muda. Wanaokatwa mguu bila kemo, nusu yao hufa ndani ya miezi 4 au 5. Wanaokatwa na kupewa kemo, nusu huvuka miezi 10 hadi 12, na kama mmoja kati ya watano huufikia mwaka wa pili.

Najua utasema, mguu mzima kwa miezi minne? Mwalimu, mguu unakatwa kwa sababu unauma. Mfupa unaoliwa kwa ndani huuma mchana na usiku, na mbwa ni viumbe wa kuficha. Huyo unayemwona "analala" huenda amejikunyata tu. Vidonge huupoza kwa majuma machache, baadaye hauviogopi tena. Mguu ukiondoka, maumivu yale huondoka nao. Yanabaki ya kidonda, na ya kidonda tunayaweza. Basi laki tisa zako zinanunua hicho: miezi michache isiyo na maumivu ya mfupa. Kemo inanunua miezi mingine juu ya hiyo. Uponyaji haupo katika bei hizo zote mbili, na anayekuuzia uponyaji mkimbie. (Mwaka 2011, watu walipokuwa wakipanga foleni Samunge kule Loliondo kwa kikombe cha dawa ya shilingi 500, niliulizwa na watu watatu, wote wazima wa akili, kama mbwa naye anakunywa kiasi kilekile.)

Ipo njia ya nne ambayo hukuiandika, nami ndiyo ninayoiona mara nyingi kuliko zote: kumwacha na vidonge, "tuone." Mfupa uliotafunwa huvunjika kwa jambo dogo. Anaruka ngazi mbili za baraza, au anaikurupukia bodaboda getini, unasikia *ta!* Tena itakuwa saa tatu usiku, mvua inanyesha, barabara ya kwenu imekuwa mto, na huyo wa bajaji wa elfu ishirini hapokei simu. Ukichagua vidonge, chagua kwa majuma, ukiwa umeshapanga na daktari mwisho wake.

Kuhusu kemo. Dawa inayotumika zaidi ni karboplatini, ambayo ni dawa ileile ya binadamu, ya kuingizwa mshipani kila baada ya wiki 3, kwa kawaida mara 4. Sisplatini ni kaka yake mkubwa; hudai dripu nyingi ili isiue figo, nami siipendi kwa kliniki isiyoweza kumlaza mgonjwa kutwa nzima. Mbwa hawadhoofiki kwa kemo kama watu, kwa sababu vipimo vyao hupunguzwa makusudi. Wengi manyoya hayatoki. Wengine hutapika siku mbili tatu. Cha kuogopa ni seli nyeupe za damu kushuka, hasa juma la pili baada ya dozi: siku hizo akigoma kula na joto lake likapita nyuzi 39.5, usisubiri kukuche. Damu ipimwe kabla ya kila dozi. Kliniki isiyopima, kemo yao iache. Na siku 3 za mwanzo mkojo na kinyesi chake vishikwe kwa glavu, mjukuu akae mbali navyo, na kama kuna mjamzito nyumbani asivisogelee kabisa.

Mwanao huko Muscat atasoma habari za mionzi. Mionzi hupunguza maumivu ya mfupa, kweli. Lakini mashine za hospitali ya saratani ya Ocean Road ni za watu, na foleni yake mnaijua.

Kutembea kwa miguu mitatu ndiko kunakowatisha watu, ila mimi hakunitishi sana kama mengine. Mbwa hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, hivyo kilo 38 si mchezo, na ugali wa Simba itabidi upunguzwe kuanzia leo. Daktari amkague nyonga na viungo vya miguu mitatu iliyobaki. Mbwa wenye damu ya Kijerumani nyonga zao mara nyingine ni mbovu. Lakini mtazame anavyotembea sasa. Kama ule mgonjwa ameuning'iniza na anakwenda kwa mitatu, basi ameshajifundisha mwenyewe. Wengi baada ya wiki mbili huwa wanakimbia. Vigae tu ndivyo adui. Tandika magunia kuanzia jikoni hadi mlango wa uani.

Umeuliza ningekuwa mimi. Ningepiga kifua wiki hii, siyo ijayo. Kikiwa na madonge nisingekata: ningempa siku kumi au kumi na mbili za dawa nzuri ya maumivu, ini la kuchemsha, na kulala baridini barazani, kisha ningemwita daktari nyumbani. Kifua kikiwa safi na nyonga nzima, ningekata. Kemo ningemwachia wa Muscat. Akituma ya dozi zote nne kabla ya ile ya kwanza, sawa. Kama ni ya kuungaunga, mwambie asante, tumekata na inatosha, kwa sababu sioni faida ya kuanza usichoweza kumaliza. Kiinua mgongo usikiguse. Nakuambia hivi nikijua kuwa nawanyima wenzangu wa kliniki riziki. Na dada yako mwambie choo kitaezekwa. Alinde mfuko wako, asikufanye uone haya kwa kumpenda mnyama aliyekulinda miaka saba.

Jinsi ya kujua siku ya mwisho: wewe ni mwalimu, fungua daftari la mahudhurio. Chora safu tatu. Ya kwanza, amekwenda getini kumpokea mjukuu? Ya pili, amemaliza ugali na dagaa wake? Ya tatu, amelala bila kuguna? Kila jioni tiki au sifuri, na mjukuu awe kiranja wa daftari, maana watoto hawadanganyi kama sisi. Sifuri zikizidi tiki wiki nzima, usitafute maoni ya mtu mwingine. Daktari atamchoma ya usingizi kwanza, halafu ile ya mwisho mshipani, na huwa ni suala la dakika chache. Asifanye kijana wa duka. Na isiwe sumu, hata mtu akikuletea bure. Nimewaona mbwa waliokufa kwa sumu, na sitawaandikia mlivyo mezani na chakula.

Mjukuu mwambie mguu hautazikwa, utakwenda maabara ukasomwe. Simba mwenyewe, wakati wake, achimbiwe futi nne, mbali na kisima. Mzee wa alfajiri mpe salamu zangu. Anaposema mwache apumzike, muulize kama anamaanisha sindano au anamaanisha kulala barazani. Nahisi anamaanisha la pili, na hapo mfupa haujamsikiliza.

*Mbwa wangu jike, miaka 9, ana vinundu viwili kwenye chuchu za nyuma. Kimoja kama harage, kingine kama ndimu. Hajawahi kufungwa kizazi. Nikimfunga sasa vitaisha? — Msomaji, Magomeni.*

Havitaisha. Kufunga kizazi hukinga sana saratani ya matiti kama ukiwahi kabla ya joto la kwanza, na kinga hiyo hupungua kila joto linapopita. Kwa miaka 9 basi hilo limekwisha. Vikatwe vyote viwili na vikapimwe. Karibu nusu ya vinundu vya matiti kwa mbwa havina ubaya, na cha harage huenda ni hivyo. Cha ndimu ndicho sikipendi: vikishavuka sentimita 3 matokeo huharibika. Kifua kwanza, kama nilivyomwambia mwalimu. Na usingoje kikomae. Hilo si jipu.

*Daktari, habari za kazi. Popi wangu anatoa damu nyuma mwezi wa pili sasa, nilidhani yuko kwenye joto. Jana nimeona nyama kama koliflawa inachungulia. Jirani anasema hiyo ni kansa, inaambukiza, tumuue kabla haijatupata. Nina watoto wadogo. — Baba wa watatu, Kigamboni.*

Jirani yako ana kweli mbili na uongo mmoja. Kuna uwezekano mkubwa ni kansa. Na ndiyo, inaambukiza, jambo ambalo kansa karibu zote hazifanyi: hapa chembe za kansa zenyewe, zikiwa hai, hutoka mbwa mmoja na kuota kwa mwingine wakipandana, wakinusana au wakilambana. Mbwa wa mitaani wanaozurura huisambaza, na kwa mji wetu ulivyo na mbwa wasio na mwenyewe, tunaiona mara kwa mara. Wataalamu wanakadiria imekuwa ikipita hivi kutoka mbwa hadi mbwa kwa maelfu ya miaka. Uongo ni huo wa kuwapata. Haimpati mtu. Watoto wawe na mikono safi kama siku zote, basi.

Na sasa habari ambayo natamani mwalimu wa Kimara ningeweza kumpa. Daktari achukue chembe kwa kugusisha kioo kwenye hiyo nyama, azitazame, ahakikishe. Ikiwa ndiyo yenyewe, dawa ni vinkristini, sindano moja ya mshipani kila wiki, kwa kawaida kati ya wiki 4 na 8. Mbwa zaidi ya 9 kati ya 10 hupona, wakawa wazima kabisa. Sindano iingie mshipani sawasawa, maana ikivuja nje huunguza nyama, kwa hiyo usikubali ichomwe na mtu anayebahatisha mshipa. Damu ipimwe, kama nilivyoandika juu. Popi afungiwe ndani ya geti hadi amalize, na akishapona afungwe kizazi.

Dawa hiyo asili yake ni mmea wa Madagaska ambao mnao wote: yale maua ya pinki na meupe, petali tano, yanayoota yenyewe mchangani, kwenye makopo ya vibarazani na makaburini. Nimesita kuandika hili, kwa sababu namjua msomaji wangu, na najua kuna mtu hivi sasa anatazama nje dirishani. Usiyachemshe. Mmea mzima una sumu, na dozi ya mbwa wa ukubwa wa kawaida haifiki hata miligramu 1 kwa wiki. Nenda kliniki Jumatatu, uwaulize kabla hujavuka na kivuko kama vinkristini wanayo.